Chetezo cha Siku ya Thelathini na Nane

Chetezo nilikiweka mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitatu nilianza kila mahali isipokuwa hapo. Nilianza na upepo wa kaskazi, nilianza na makuti makavu, nilianza na jirani yangu Shekha na ulimi wake usiojua kusema mashallah. Mtu akitaka kujitetea hakosi pa kuanzia.

Mimi ni Hindu binti Mbaruk, wa Mambrui. Mwana ninaye mmoja tu, Mastura. Mwaka wa themanini na sita alikuja kwangu kuzaa, kama ilivyo kwetu: mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, na mzazi hatoki ndani mpaka siku arobaini zitimie. Alizaa mtoto wa kiume, wakamwita Badi. Siku hizo mimi ndiye niliyetawala nyumba. Nilimkanda Mastura kwa maji ya moto, nikamfunga tumbo, nikamlisha uji wa pilipili manga, na kila alasiri nikamfukiza yeye na mtoto kwa udi juu ya makaa ya chetezo. Kazi hiyo naijua. Nimekanda wazazi nusu ya Mambrui, na asiyeamini aulize.

Siku ya thelathini na nane alikuja Shekha. Akamnyanyua mtoto, akasema, "Huyu kanenepa kama kitumbua." Basi. Nilimtazama mdomo nikingoja neno la kumkinga mtoto litoke, halikutoka. Akamlaza, akaenda zake. Mastura alikuwa keshajifukiza nywele adhuhuri, na majivu ya chetezo keshayamwaga uani kwa mkono wake. Nilipoingia nilimkuta amelala na mtoto ndani ya chandarua. Ningeweza kuwaacha. Lakini kwangu mimi jicho la husuda lilikuwa lishapita, na mimi si mtu wa kuliacha jicho lilale na mjukuu wangu. Nikatia makaa mapya, nikatia udi. Siku zote hukiweka chetezo mlangoni na kukaa nacho mpaka kizime. Siku hiyo nilikisukuma chini ya kitanda, ili moshi upande wote ndani ya chandarua, nikaenda kwa Shekha yule yule kukuna nazi.

Nazi ya pili sikuimaliza, nyumba ikawaka. Wanaume walimvuta Mastura kwa miguu, mikono yake yote miwili imeungua, anapiga kelele wamwache arudi. Mtoto hakutolewa.

Kesho yake, nyumbani kwa ndugu yangu tulikohifadhiwa, wanawake wamejaa, mmoja akauliza moto ulitoka wapi. Kabla sijafungua kinywa Mastura akasema, "Ni mimi. Nilijifukiza nywele nikalala na chetezo." Hakusema uongo, aliamini. Usingizi na moshi vilikuwa vimemchanganyia adhuhuri na alasiri. Mimi nilikuwa nimemshikia kikombe cha maji mdomoni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji. Niliendelea kumshikia kikombe. Nilijiambia nitasema kesho, akipata nguvu. Kisha nikajiambia baada ya hitima. Kisha mwaka ukapita, na neno lililolala mwaka mzima kinywani halitoki kirahisi.

Mwenye kovu usidhani kapoa, husema wahenga. Mwanangu hata kovu lilikuwa halijafunga. Alikuwa halali usiku, akisinzia huamka akipapasa godoro. Akisikia harufu ya moshi, hata wa mkate ulioungua nyumba ya tatu, hukimbia nje amekumbatia chochote alichokiona mbele yake, mto, sufuria, siku moja kuku. Watu walicheka siku ya kuku. Mimi pia nilicheka, kisha nikaingia chooni nikalia mpaka nikatapika. Nyumba niliijenga upya kwa mabati, na moto haukuwashwa humo tena. Nilipika uani kwa Shekha, mwanamke niliyemtangaza mji mzima kuwa ana jicho, naye alinipisha jikoni kwake bila kunisuta.

Nilimpeleka Mastura kwa Mwalimu Saad, akamwandikia kombe, aya kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji, akanywa siku saba. Nikaleta mganga, naye akasema dawa ya moto ni moto, akaingia na chetezo kinafuka. Mastura alijikojolea amesimama. Nilimfukuza yule bwana kwa mwiko hadi barabarani, ingawa mimi nilijua dawa ilipo. Ilikuwa chini ya ulimi wangu. Maneno machache tu. Lakini niliogopa. Sina neno zuri zaidi la hilo. Mwana ninaye mmoja, na nilijua siku nitakayosema nitabaki sina.

Mwaka wa themanini na tisa alikuwa amesharudi kwa mumewe, akapata mimba tena. Mumewe Aboud, fundi wa kuchonga milango huko Malindi, mtu mpole hata anakera, alifurahi wiki moja. Wiki ya pili Mastura akamwambia, "Mtafutieni mtoto huyu wa kumlea. Mie nisipewe mkononi. N'tamuua huyu pia." Alisema hivyo kila siku, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, mpaka Aboud akaamini. Anaye dada yake Lamu, Mahfudha, ameolewa miaka kumi na hajazaa. Barua ikaenda, na jibu likaja upesi kuliko barua yoyote niliyowahi kuiona: Mahfudha atakuja mimba ikifika mwezi wa tisa, na mtoto akitoka tu, atakwenda naye.

Kwa hiyo Aboud aliponiletea Mastura mimba ikiwa ya miezi saba, sote tulijua kilichobaki. Tulikuwa na miezi miwili. Ama mwanangu apone, ama mtoto aende Lamu, na Mastura akiisha kumtoa huyo, sikuona kitakachomzuia yeye mwenyewe asiende pabaya zaidi. Alikuwa ameanza kuwagawia watu kanga zake.

Aliyekuja na habari ya macho ni Nesi Kabibi. Ni Mgiriama wa Magarini, mwembamba, mwenye baiskeli ya kiume, kazi yake kuzungukia wajawazito. Alikuja kumpima Mastura, akapima tumbo, kisha akakaa akamtazama uso kwa muda mrefu.

"Bi Hindu," aliniambia tulipotoka uani, "mtoto hana neno. Mama ndiye anayekwisha."

Akanieleza kwamba mwaka ule mgeni mmoja wa Watamu, mama wa Kizungu, daktari wa watu walioshtuka, alichomwa mguu na samaki taa, na yeye Kabibi ndiye aliyemtibu siku kumi. Katika mazungumzo yule mama akamwambia kuna tiba mpya kabisa, ndiyo kwanza inaandikwa huko Marekani. Akamfundisha, na aliporudi kwao akampelekea karatasi zake kwa posta.

"Mtu aliyepatwa na jambo kubwa," alisema, "ile picha hukwama. Haiwi jana. Kwake kila siku ni leo. Basi unamwambia aishike picha ile moyoni, huku macho yake yafuate vidole vyako, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Picha huanza kusogea. Kwa nini, hata wenyewe hawajui."

"Kwetu paka ndiye anayechezewa hivyo," nikamwambia.

"Mama, sikuahidi kitu. Nakwambia nilicho nacho."

Nilikubali. Mtu anayezama hachagui kamba. Wala sikuona hatari kwangu, kwani vidole vya nesi vingejua nini?

Alhamisi ya kwanza walikaa ukumbini kwenye viti viwili, magoti karibu yagusane. Mastura alikataa kuachwa peke yake, kwa hiyo mimi nikaketi mkekani na tasbihi yangu. Nesi akamwambia achague picha mbaya kuliko zote. Mastura akasema ni chandarua kinavyokunjamana juu ya mtoto. Akamuuliza, ukiiona picha hiyo, unasema nini juu ya nafsi yako? Akajibu, "Nimemuua mwanangu." Na maumivu yake, kutoka sufuri mpaka kumi, ni ngapi? "Kumi ni ndogo," alisema Mastura.

Nesi akainua vidole viwili. Macho ya mwanangu yakavifuata, kushoto, kulia, kichwa kimetulia. Nesi akashusha mkono, akamwambia avute pumzi, aseme kilichokuja. Kikaja moshi. Akainua tena. Zikaja sauti za wanaume. Akainua tena, Mastura akatapika miguuni pa nesi. Nilisimama nimfukuze yeye na baiskeli yake. Mastura akafuta mdomo kwa ukingo wa kanga, akasema, "Mama, keti."

Alhamisi ya pili ilikwenda vizuri zaidi, na hiyo ndiyo iliyonitesa. Chandarua, alisema, kimekuwa mbali, kama anakiona ng'ambo ya barabara. Kumi ikawa saba. Nesi alipoondoka Mastura alilala mkekani kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, mdomo wazi, anakoroma. Nilikaa kando yake nikimpepea nzi. Miaka mitatu nilikuwa sijasikia mwanangu akikoroma. Nilimwomba Mungu ampe shifaa kupitia vidole vya nesi, na anisamehe mimi kimya kimya, baina yetu, bila watu. Ndivyo nilivyoomba, kama mwanamke anayebishana bei sokoni.

Alhamisi ya tatu ikakwama. Chandarua kimelegea, moshi umelegea, kelele zimepungua, lakini lile neno halikusogea. Nesi alipeleka vidole mpaka mkono ukamchoka, akabadili mkono, akabadili tena. Kila akishusha na kuuliza, Mastura hujibu, "Ni mimi. Chetezo ni mimi." Saba ikapanda ikawa tisa. Mwisho akasema, "Tuache, dada. Umefanya hisani. Mtoto mpeni wifi yangu."

Nesi alinifuata uani. Alikuwa anajikanda bega.

"Kuna kitu kimekaa katikati, Bi Hindu. Kila tukifika kwenye chetezo anagonga ukuta. Anasema alilala nacho, lakini nikimuuliza alikiweka wapi, haoni. Mtu haoni alichokifanya mwenyewe? Wewe siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwa kwa jirani," nikasema. Na ni kweli.

"Kabla ya hapo?"

"Nesi, mimi ni mtu mzima. Usinihoji uani kwangu."

Hakukasirika. Alifunga mkoba wake kwenye baiskeli, akasema, "Mama, mimi nazalisha, na wewe umekanda wazazi. Sote twajua: mficha uchi hazai." Akaondoka. Niliingia ndani nikamsema mpaka mate yakanikauka, Mgiriama asiye na adabu, mtoto wa juzi. Mastura alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nitamkumbusha Mahfudha kwamba watoto wa kwetu hawapendi uji wa mtama. Akaendelea kukunja nguo za mtoto na kuzitia katika mfuko wa safari.

Juma lile lilikuwa refu. Mahfudha aliwasili kutoka Lamu kabla ya siku zake, akafikia kwa Aboud, akaja kunisalimu kwa heshima zote. Alileta shuka ndogo alizozidarizi mwenyewe, moja ina samaki, moja ina maua. Sikuweza hata kumchukia. Alimshika Mastura mkono, akamwambia, "Utakuja kumwona kila utakapo." Mastura akasema hatakuja. Wala hakusema kwa uchungu. Alikuwa amekwisha.

Alhamisi ya nne sikutaka nesi aje, nikakaa mlangoni nikitazama njia kwa hofu kwamba hatakuja. Alikuja. Mastura aliketi kwa kumridhisha tu. Vidole vikainuka. Safari hii nesi hakumwuliza habari ya moto. Alimwambia, "Rudi nyuma. Kabla ya usingizi. Nywele zako umekwisha kuzifukiza. Fuata vidole."

Kushoto, kulia. Nikaanza kuhesabu tasbihi nikapotea.

"Umeona nini?"

"Nywele zina maji," alisema Mastura. "Jua kali uani."

"Enda na hiyo."

Kushoto, kulia. Nilimwona akikunja uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nimeshika chetezo. Nakimwaga. Kuna majivu, kuna kuku wa Shekha anakuja kuyadonoa." Akainua mkono kama anayegonga. "Nimekigonga ukutani yatoke yote."

"Enda na hiyo," alisema nesi, polepole sana.

Lakini macho ya Mastura hayakuvifuata tena vidole. Vidole vilikwenda kulia, yeye akabaki kushoto, kwenye mkeka, kwangu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo, akiniuliza kama kuku aliyechinjwa anaumia.

"Mama, chetezo nilikimwaga? Au naongeza maneno kwa sababu nataka?"

Nesi alishusha mkono. Hakuna aliyenisukuma. Ningesema, mwanangu, sijui, nilikuwa kwa jirani. Angeniamini. Nilimwona tayari anaanza kulirudisha kosa juu ya kichwa chake, mabega yanashuka, anajiandaa kulibeba tena. "Labda naota," alisema. "Labda ni siku nyingine ile."

"Ni siku ile," nikasema. "Ulikimwaga. Makaa nilitia mimi baadaye, umelala. Nilikiweka chini ya kitanda, moshi uingie ndani ya chandarua, kwa ajili ya Shekha na jicho lake. Kisha nikaondoka. Wewe hukufanya kitu. Nilikusikia ulipojitwika, na nikakuacha."

Nilidhani nitaanguka baada ya kusema. Sikuanguka. Nilibaki nimekaa mkekani, shanga za tasbihi zimenikata kiganja kwa kuzibana. Mastura aliweka mikono yake yenye makovu juu ya tumbo. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, mara tatu. Akamgeukia nesi.

"Endelea, dada."

"Mastura, leo si lazima."

"Endelea. Mama atoke."

Nikatoka. Niliketi uani, juu ya jiwe la kufulia, na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kimya, pumzi, swali, kimya tena. Nilimsikia akilia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko, kikubwa, cha mtu anayelia mtoto wake badala ya kulia makosa yake. Kilipokwisha nesi akauliza, "Sasa ukiiona picha ile, unasema nini juu ya nafsi yako?"

"Nilikuwa mzazi," alisema Mastura. "Nilikuwa nimelala na mwanangu."

Aboud alikuja kumchukua kesho yake. Sikuambiwa aliambiwa nini. Alinisalimu, akabeba mfuko wa nguo za mtoto, akamshika mkewe mkono hadi barabarani. Kuzaa Mastura alizalia Malindi, nyumbani kwa mumewe, na arobaini alikaa huko, akikandwa na wifi yake Mahfudha. Mambrui nzima iliuliza ni binti gani mwenye mama hai anayekandwa na wifi. Mastura hakumjibu mtu, wala mimi.

Niliyemjibu ni Shekha peke yake. Nilikwenda uani kwake nikamkuta juu ya mbuzi yake anakuna nazi, nikamwambia yote nimesimama, pamoja na jinsi nilivyomwita mchawi. Hakuinua kichwa.

"Makaa uliyachukua jikoni kwangu, Hindu," alisema. "Ulikuja na kijiko."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote ile.

"Ningesema nini? Ungesema nimesingizia kwa kuwa nina jicho. Nikangoja useme wewe." Akanisogezea kizio cha pili cha nazi. "Kaa. Umesimama kama askari."

Mtoto ni wa kike. Habari hiyo niliipata kwa Nesi Kabibi, aliyepita na baiskeli. Alinambia pia kwamba Mastura anamnyonyesha mwenyewe, na Mahfudha ameandika Lamu kuwa atarudi mikono mitupu, akalia, kisha akabaki kumsaidia. Arobaini ilipotimia Aboud akanitumia salamu kwamba naweza kwenda.

Nilikwenda Malindi na kuku wawili. Nilimkuta mwanangu jikoni, amechuchumaa, anapuliza makaa chini ya sufuria, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga. Moshi ulimpita usoni, akakohoa kidogo, akaendelea. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Nilitamani kulia kwa furaha na sikuthubutu, kwa kuwa furaha ile sikuwa na haki nayo.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Akanawa mikono, akanipeleka ukumbini, akanipa kiti na sharbati, kama mgeni. Akamfungua mtoto mgongoni. Ana macho ya Aboud na kidevu changu, anatazama huku na huku. Nikanyoosha mikono. Mastura hakurudi nyuma wala hakunisogezea. Alimshika mtoto wake hapo hapo, kwa upande nimwone vizuri.

"Utakuja kila Ijumaa," alisema. "Utakula kwetu, utamwona. Kumshika, ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mie nilingoja miaka mitatu," alisema.

Nilimaliza sharbati yangu, nikavaa buibui, na Aboud akanisindikiza hadi stesheni ya basi.